Jicho la Chini la Kamera ya Mgiriki

Jamaa zangu wa Kampala, leo nimejianika. Tena bandarini, mbele ya abiria, wapagazi na mbuzi wa watu.

Mnaujua ugonjwa wangu wa kamera kuukuu. Tangu turudi nyumbani baada ya vita nimekusanya tatu, na hakuna inayopiga. (Moja inatoa sauti. Najivunia hiyo.) Shangazi Keji, ninayekaa kwake hapa Kator, Juba, huziita "maiti zako".

Asubuhi nikaiona ya nne sokoni. Mama mmoja alikuwa ameiweka kati ya sufuria na pasi ya makaa, vyombo vya Mgiriki aliyefunga duka akaondoka. Kisanduku cheusi chenye macho mawili, moja juu ya jingine! Unainama na kuchungulia kwa juu kama mtu anayetazama kisimani, na dunia yote iko humo kwenye kioo. Nilimwona mama mwenyewe, akipiga miayo.

"Unanunua, au unaniangalia tu?"

Nikamwachia saa yangu ya mkononi. (Msiniulize.)

Yale macho yakaninyima raha. Kwa nini mawili? La juu lilikuwa kioo kinachong'aa. La chini lilikuwa jeusi tii. Mtu wa kawaida angeuliza. Mimi nilikaa kitandani nikafikiri mpaka nikapata jibu: la juu ni la kutazamia, la chini ndilo linalopiga, na muda wote hulala. Ukibonyeza, linafumbua na kufumba upesi kuliko binadamu awezavyo kuona. Ili lisichoke! Nilijipongeza sana.

Sasa, leo ndiyo siku ambayo Poni, binti wa shangazi, alikuwa anapanda meli kwenda kaskazini kusomea uuguzi. Miaka mitatu. Na shangazi hana picha yake hata moja. Zile za utotoni zilipotelea uhamishoni. Alikuwa ameshapatana na Mzee Lado, mpiga picha wa hapa Kator, aje bandarini.

"Shangazi, mwambie asije. Nitawapiga mimi."

"Kwa maiti ipi?"

"Hii iko hai!"

Akanitazama, akakubali. (Hapo ndipo mngenifunga kamba.)

Nilipokwenda kwa Mzee Lado kununua filamu nikamweleza kwa upole kwamba hatahitajika. Akaja hata hivyo, kamera yake shingoni. "Mimi iko nataka kuona hii ya macho mbili," akasema, akasimama ubavuni kwangu, mbele kidogo.

Nikainama. Kumbe kwenye kioo kulia ni kushoto! Nikimwambia shangazi asogee huku, anatoweka. Nikimrudisha, anatoweka Poni.

"Wani, unatupiga picha au unatuchezesha ngoma?" shangazi akafoka. Poni alicheka hadi akamwegemea mama yake.

Nikapiga picha zote kumi na mbili za filamu. Honi ikalia. Poni akapanda. Shangazi akapunga kitenge chake mpaka meli ikapotea kwenye kona ya mto.

Ndipo Mzee Lado akaniomba kamera. Akaigeuza. Akaingiza ukucha pembeni ya lile jicho la chini. Tak! Jicho likamwangukia kiganjani. Chini yake kulikuwa na kioo, safi kama umande.

"Na kifuniko hii, wewe ulitoa saa ngapi?"

Mungu wangu.

"Bwana mkubwa amepiga usiku mara kumi na mbili!" mpagazi mmoja akapaza sauti, na bandari nzima ikaangua kicheko. Nikaanza kuwaeleza habari ya jicho linalolala. (Ndiyo. Nilieleza. Kwa kirefu.)

Shangazi hakucheka. Aliendelea kuutazama mto, na hilo liliniuma kuliko kicheko chao.

"Malesh, mama, pole," Mzee Lado akamwambia. "Mimi nilipiga moja. Nilikuwa napiga huyu, na kifuniko yake. Lakini wewe na binti iko mbele yake."

"Kumbe uliona!" nikamaka. "Mbona hukusema?"

"Nilifikiri watu ya kusoma iko na njia yao."

Jioni hii ameileta. Jamani, picha nzuri! Shangazi na Poni, shavu kwa shavu, Poni anacheka meno yote nje. Na pembeni niko mimi, nimeinama kama mtu aliyeangusha kifungo, kifuniko kikionekana vizuri kabisa.

Nikamwomba Mzee Lado akate upande wangu.

"Hapana," akasema shangazi. Alikuwa hajaiondolea macho. "Mwanangu hapa anakucheka wewe. Nikikukata, atakuwa anacheka nini?"

Ameshaitundika, mkabala na mlango. Kwa hiyo mkija Juba, karibuni sana nyumbani. Nawaomba tu mkae kwenye viti vinavyotazama dirishani.