Kanda ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Tovuti ya Mzee, mlezi wetu sisi wapenzi wa kompyuta za zamani, inafungwa Ijumaa. Macho yamemchoka, kaandika mwenyewe. Kila kitu cha kompyuta hizo kimo humo: vitabu vya maelekezo, michoro, na draiva, zile programu ndogo ambazo bila hizo kompyuta haitambui hata printa iliyo ubavuni mwake. Zikipotea, mashine zetu ni mabati tu. Mzee atamrithisha kazi ya kuitunza hazina hiyo yeyote atakayemwonyesha Jumapili nakala nzima inayosomeka. Nani kama si mimi? Kinyozi wa mtaa wa pili naye anajipendekeza. Kompyuta zake wateja wanatundikia makoti.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kashauri nitumie flashi kama watu wengine. Flashi! Vitu vya heshima kwenye kidude cha ukubwa wa kidole! Nimeitoa uvunguni mashine yangu ya kanda. Haitengenezwi tena popote. Inahifadhi kila kitu kwenye makaseti manene, na inanguruma kweli kweli. Mke wangu kauliza kama nasaga kokoto.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu ya leo: kumshughulisha Kinyozi kutwa nzima asipate nafasi ya kupakua chochote. Nimekwenda kunyolewa. Nywele zilipoisha nikaomba ndevu. Ndevu zikaisha, nikaomba masharubu. Nikaanza kuziwazia nyusi. Ndipo nikaona nyuma ya kioo kompyuta yake inapakua tovuti yenyewe, bila kuguswa na mtu. Kaniambia kwa upole kwamba imeanza tangu jana. Yangu nilikuwa nimeizima isile umeme bure. Nimerudi kipara.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemaliza! Kanda zimejaa, nimezipanga kabatini. Kisha nimefuta kompyuta yote, iwe kama ilivyotoka kiwandani, ipendeze mbele ya Mzee. Mke wangu kauliza kama nimejaribu kusoma hata kanda moja. Yeye ni muuguzi. Nimemwambia ashike sindano zake, kanda aniachie mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Tovuti imefungwa. Nimetia kanda ya kwanza kwa madaha. Kimya. Kompyuta haiitambui mashine ya kanda. Inataka draiva yake, na jana nimeifuta pamoja na vingine vyote. Draiva ipo! Nimeihifadhi kwa mikono yangu mwenyewe. Iko kwenye kanda ya tatu.

Jumapili, 9 Machi
Sebuleni kwa Mzee. Kinyozi kafungua nakala yake, kurasa zote zimo, mpaka mchoro wa kwanza Mzee aliouchora akiwa kijana. Mzee kaugusa kwenye skrini, akaufuatisha kwa kidole. Kisha kaniuliza nakala yangu iko wapi. Nimesema kanda zangu hazipendi kusafirishwa. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo limeniuma. Kazi kapewa Kinyozi.
Mlangoni Kinyozi kanivuta pembeni, kanitia flashi mkononi. Yote yamo. Akasema, "Kaka, nakala ikiwa moja tu silali. Kaa na hii, tafadhali." Nimeona aibu. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu.

Jumatatu, 10 Machi
Aibu imepita. Nimechukua draiva kwenye flashi, na mashine ya kanda imenguruma tena! Machozi yamenitoka. Kutwa nzima nimehamisha kila kitu kwenye kanda, draiva ikiwemo. Flashi nimeifuta, nitamrudishia Kinyozi. Sitaki fadhila zake. Kompyuta nayo nimeifuta, iwe kama ilivyotoka kiwandani.
Mke wangu kauliza kama nimejaribu kuzisoma. Nimemwambia mimi si mtu wa kurudia kosa. Safari hii kanda ya tatu, yenye draiva, nimeiandika lebo kwa wino mwekundu.