Marashi ya Mlangoni

Jumatatu, 12 Agosti 2024. London, kwa binti yetu Nadira.

Mvua. Agosti, na mvua! Kuluthum amekaa dirishani, buibui jipya ameshalipiga pasi. Mke wangu ana haja moja tu katika safari hii: kunywa chai juu kabisa ya duka lile la matajiri. Shangazi yake alibandika picha ya duka hilo ubavuni mwa kabati la vyombo, kwao Jomvu Kuu, Kuluthum akiwa mtoto. Nilimwahidi tangu fungate.

Mimi nimepinga anasa maisha yangu yote. Magazeti yamechapa barua zangu; nyingine yameziogopa. Lakini shemeji yangu Mussab kila Ijumaa hutamba barazani kwamba alikunywa chai pale. Lazima afungwe mdomo. Mpango: nitapigwa picha na kikombe mkononi, nimtumie kabla chai haijapoa. Mapenzi na siasa kwa kikombe kimoja. Werevu mtupu!

Jumanne, 13 Agosti.

Balaa. Milango ya shaba, bawabu na kofia ndefu. Kuluthum akanishika mkono mbele za watu, mwanamke ambaye kwetu hutembea nyuma yangu akinisema. Hata hatujauacha mlango vizuri, binti mmoja mwenye tabasamu pana akaturashia marashi.

Marashi! Kabla ya kukaribishwa kiti! Kwetu marashi na udi hupitishwa mwisho. Mmekula, mmezungumza, mwenye nyumba anawafukiza, kila mtu anatafuta viatu vyake. Nimeondolewa kwa chetezo cha udi kwenye harusi na maulidi mangapi! Naijua lugha hiyo.

Nikamwambia, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba ukoloni ulikwisha, na kwamba babu zangu walijifukiza udi zamani sana, babu zake wakiogopa maji. Binti akashukuru. Akauliza kama ningependa kujaribu na aina nyingine. Mara ya pili! Nikamvuta Kuluthum, tukatoka vichwa juu.

 Ndani ya basi Kuluthum alikuwa akinusa kiganja chake.

Jumatano, 14 Agosti.

Nadira amerudi kutoka kazini, nikamsimulia ushindi. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe huku mtu hurashiwa ili anunue. Ati baba, ulikuwa ukikaribishwa! Nikamjibu kwamba hilo ni kosa la wenyeji, si la mgeni.

Kuluthum hakucheka. Alikuwa akilikunja buibui, analirudisha sandukuni. Akasema haidhuru, Baba Nadira, chai ni chai, hata hapa ipo.

Haidhuru! Afadhali angenitukana. Angegomba ningemjibu, kugombana ndiyo kazi yangu. Wali nikausukuma kando. Kesho kutwa tunapanda ndege. Mpango mpya: kesho tunarudi dukani, mimi nimejibadilisha sura.

Alhamisi, 15 Agosti.

Miwani ya jua. Kofia ya sufu ya Nadira, yenye kishungi juu. Jasho hadi kwenye soksi. Bawabu alinitazama mara mbili. Binti yuleyule! Alinitambua papo hapo, akaniuliza babu zangu hawajambo. Nikakunja mikono ya shati tayari kwa mjadala.

Kuluthum akanisogeza kwa kiwiko. Akafungua mkoba, akatoa kichupa cha haludi, manukato anayoyachanganya mwenyewe jikoni. Akamshika binti mkono, akampaka kifundoni, kisha nyuma ya sikio. Akamwambia kwa Kiswahili chetu: Na wewe mwanangu, ufike kwenu salama. Binti akafumba macho. Akawaita wenzake. Wallahi walipanga foleni, ndani ya duka lao wenyewe!

Binti akatupandisha mwenyewe kwa ngazi zinazojiendesha mpaka juu, akatutafutia meza ya dirishani. Chai haina iliki, na maziwa yako mbali, kama yamegombana nayo. Kuluthum alikishika kikombe kwa mikono miwili, akautazama mji chini. Akasema, laiti shangazi angeona. Akatokwa na machozi. Mimi pia. Sufu inawasha macho.

Picha! Nimeikumbuka tumeshafika kwa Nadira.

Jumamosi, 24 Agosti. Nyumbani, Mjambere.

Mussab jana alitaka ushahidi. Sina. Akaliambia baraza zima kwamba labda nilikwenda na mwezini. Basi leo nikamwalika chakula, nikamvizia mlangoni na mrashi wa fedha wa mama mkwe, umejaa marashi ya mawaridi. Kabla hajavua kiatu nikamrashia, utosini mpaka tumboni. Ajue maana yake! Arudi kwake na njaa!

Mussab akafumba macho, akatabasamu. Akasema: "Kumbe kweli ulifika, shemeji! Kule ndivyo wanavyokaribisha watu." Akanikumbatia. Akaingia, akala biriani lake, akala na langu, akajinyoosha mkekani. Ameahidi kuliambia baraza kwamba alinidhulumu.

Nani alimwomba aniamini? Nilitaka aondoke!

Kuluthum alicheka jikoni mpaka akauegemea ukuta. Nikaacha kukasirika kidogo, nikamtazama. Baadaye akaleta chai ya iliki, kikombe kimoja, tukapokezana.

Nimefikiri sana. Mpango haukuwa na kosa. Kosa ni mawaridi, yananukia upole. Ijumaa nitampokea Mussab kwa chetezo, makaa tele, moshi mpaka asiuone mlango wa kuingilia.