Ndovu Haoi Ndovu

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Chai ya rangi. Dkt. Waithera ametangaza siku ya mwisho ya kuwasilisha utafiti: Ijumaa ya wiki ijayo. Asiyefaulu atarudia mwaka wa tatu wa sosholojia. Alinitazama aliposema hivyo. Darasa nalo likageuka kunitazama.

Kazi yenyewe: ingia kwa watu, kaa nao, tazama wanavyoishi, andika. Lakini kwanza uwaombe ruhusa. Hapo ndipo mimi na Dkt. Waithera tunapoachana. Mtu akijua anatazamwa huvaa shati safi. Mimi nataka ukweli ukiwa bado umevaa fulana ya kulalia.

Jerotich ameshapata ruhusa ya watu wake. Akaniuliza, sauti ikifika hadi viti vya nyuma, utafiti wangu uko wapi. Nikajibu uko kichwani. Akasema afadhali, huko hautabanwa.

Jioni nilikaa dirishani hosteli. Ukungu ulishuka ukameza miti, kisha tangi la maji, kisha uwanja wa mpira. Katika weupe ule nikaona kitabu. Herufi za dhahabu, na jina langu: Nadharia ya Kipyegon. Sijui inasema nini. Lakini jalada! Jalada zuri mno.

Jumatano, 7 Mei

Salgaa, kutafiti madereva wa malori. Wote wamelala ndani ya malori. Nikatafiti chapati.

Bahati! Mezani nimekutana na Kipketer, fundi wa magurudumu. Uso wa mtu anayengoja majibu ya daktari. Jumamosi ni koito yake: wazee wake wataenda Mau Narok kwa kina Jepleting, msichana wake, kuomba uchumba na kupatana mahari. Shida, upande wake ni watu wachache. Kina Jepleting ni ukoo wa kujaza kanisa. Akifika na watu wanne, watadhani ametupwa na wenziwe.

Akanipima kwa macho, akauliza, "Boss, uko na suti?"

Ninayo. Basi nimekuwa binamu yake, mtoto wa baba mdogo aliyehamia Eldoret zamani na ambaye ukoo haujamwona tangu hapo. Kazi yangu ni kukaa, kula, kunyamaza. Kipketer alirudia neno la mwisho. Sikumwambia kuhusu sosholojia. Angevaa shati safi.

Alhamisi, 8 Mei

Adongo, ninayeishi naye chumba kimoja, ameniambia niombe ruhusa kabla sijaumia. Kisha akauliza binamu yangu ni wa ukoo gani. Nikasema mtafiti hujifunza hayo uwanjani. Adongo alivuta blanketi hadi kichwani.

Sikulala mapema. Nilikuwa jukwaani Nairobi, au ng'ambo, mahali penye mazulia. Watu walisimama kunipigia makofi. Jerotich alikuwa amenishikia koti.

Jumamosi, 10 Mei

Mau Narok. Viazi vimetoa maua, meupe na zambarau, na ukungu unapita juu yake polepole kana kwamba unavihesabu. Nikajiona nikiishi hapa uzeeni, na fimbo, wageni wakija kuniuliza jamii ni nini.

Mlangoni nani ananipa maji ya kunawa? Jerotich! Jepleting ni binti wa mamake mkubwa. Hawa ndio watu aliowaomba ruhusa. Akanitazama suti, akanitazama viatu, akanikaribisha kwa heshima zote. Niliogopa sana.

Sebuleni, wazee wa pande mbili wakakaa wakitazamana. Kwanza, koo. Kila ukoo una mnyama wake, na wenye mnyama mmoja ni ndugu, hawaoani. Mzee Kibii, baba mkubwa wa Kipketer na msemaji wetu, akasema sisi ni korongo. Wao wakasema ni ndovu. Vichwa vikatikisika kwa kuridhika. Mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, ikaletwa.

Majina yenyewe, korongo na ndovu, sikuyasikia. Nilikuwa nikitazama moshi wa jikoni ukijikunja chini ya mabati, nikitafuta jina zuri la sura ya kwanza.

Nilipozinduka wazee walikuwa wakinywa. Nikaona pengo katika data. Nikauliza, kwa adabu, desturi ya kutaja wanyama ina kazi gani katika jamii ya leo. Kipketer alinikanyaga. Nikadhani ananitia moyo.

Mzee wa upande wa msichana, mwenye kofia ya manyoya, akafurahi. Akasema huyu amesoma. Kisha akaniuliza, kama mtu anavyomtania mtoto, mimi mnyama wangu ni yupi.

Nimelelewa Lanet, karibu na kambi. Baba ni mwanajeshi, na nyumbani kwetu mnyama pekee aliyetajwa ni kuku. Nikachagua aliye na hadhi.

"Ndovu," nikasema.

Kikombe cha mtu kikawekwa chini. Mzee wa kofia akasema polepole: mtoto wa baba mdogo akiwa ndovu, bwana arusi naye ni ndovu. Na ndovu haoi ndovu. Wageni hawa wamesema korongo ili wamwoe dada yao.

Kelele! Shangazi mmoja akamwita Kipketer mwizi wa mifugo ya watu. Mama wa Jepleting akalia ndani ya leso. Mzee Kibii akaapa kwamba mimi ameniona kwa mara ya kwanza leo asubuhi, garini, nikila ndizi yake. Kipketer hakunitazama. Jepleting alinitazama, na afadhali angeacha.

Ikabidi niseme. Mimi si binamu. Ni mwanafunzi wa sosholojia.

Bibi ya Jepleting akauliza hiyo sosho ni ugonjwa gani. Jerotich akamweleza. Bibi akacheka mpaka akashikiliwa. Akaamua: aliyejitaja ndovu mbele ya wazee ni mtoto wa hapa. Na mtoto wa hapa hakai na wageni. Nikavuliwa koti, nikapewa birika.

Nimenawisha watu mikono hadi jioni. Koito iliendelea vizuri sana bila mimi.

Jumapili, 11 Mei

Nimempigia baba. Sisi ni chura. Afadhali nilisema ndovu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimewasilisha. Kurasa chache, lakini zenye nguvu. Kuhusu ruhusa nimeandika kwamba wahusika walinifahamu vyema kufikia jioni.

Jumatano, 21 Mei

Alama zimetoka. Mimi: rudia. Dkt. Waithera asema nilikaribia kuvunja uchumba wa watu ili nipate sura ya kwanza, na sura ya kwanza yenyewe haipo. Nina nafasi moja mwezi ujao. Nikianguka tena, mwaka mzima.

Jerotich amekuwa wa kwanza. Utafiti wake: jinsi familia inavyomtuliza mgeni mwongo bila kuvunja sherehe. Dkt. Waithera alitusomea kurasa nzima. Ndani yake mimi naitwa Mhusika K. Mhusika K anapiga kiti teke akikimbilia birika. Darasa lilifuta machozi.

Waache wacheke. Ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa tatu walioingia katika maandishi ya kisayansi?

Jumamosi, 24 Mei

Jua, hatimaye. Nimetafakari makosa yangu na nimeyaona wazi: suti ilikuwa ya rangi mbaya, na nilikuwa upande usiofaa.

Kuna matanga Lanet. Familia kubwa, imetawanyika kaunti nyingi, wenyewe hawajuani. Nimeingia kama mpwa. Nimelia kidogo, kwa kipimo. Hakuna aliyeuliza kitu. Wamenipa chai, kiti cha mbele na mkono wa pole, kisha mama mmoja akanishika bega akasema nina sauti nzuri. Wameniweka kwenye ratiba ya mazishi, Alhamisi: nitasoma maisha ya marehemu tangu kuzaliwa.

Jina lake nitalipata hapo hapo kaburini.