Tonge la Weizero Yeshimebet

Dagmawi hakuwa mwizi, Mungu amsamehe anayesema hivyo. Alikuwa mshauri wa kompyuta, na suti yake ya kijivu ilikuwa shahidi. Siku alipogundua kwamba programu ya kuhariri video za harusi, ile ambayo nusu ya studio za mtaa wa Piassa, Addis Ababa, zinaitumia bila kuilipia, ina uzembe, alikaribia kulia kwa furaha. Programu hiyo ikifungua kazi, huita faili yake ya msaada kwa jina tu, na huanza kuitafuta kwenye folda ileile yenye kazi. Ikikuta faili yoyote yenye jina hilo, huipokea kwa mikono miwili. Haiangalii sura wala haiulizi kwao ni wapi.

Basi Dagmawi, kwa ukarimu wake, akaanza kugawa bure folda za mapambo ya harusi: maua, njiwa, mioyo inayodunda. Humo akaficha faili moja ya kwake, yenye jina la heshima. Wenye studio, ambao cha bure hakijawahi kuwapita, wakahifadhi kazi zao humohumo. Kesho yake video zote zimepigwa kufuli, na Dagmawi huyoo mlangoni, kasikitika kuliko mfiwa, tayari kuzifungua kwa malipo. Ufunguo ulikuwa kwenye laptopu yake tu, na laptopu hiyo alikwenda nayo hadi msalani.

Ikafika zamu ya mwenye studio mmoja, Weizero, yaani Bibi, Yeshimebet. Dagmawi alimkuta studioni anakaanga kahawa huku analia.

"Mwanangu, nimekwisha! Mama wa bibi harusi anakuja jioni kuchukua video. Ataninyoa bila maji!"

"Pole, mama. Hiki kirusi kibaya, kimetoka ng'ambo. Bahati yako umenipata mimi."

"Bahati kweli! Keti, ule kwanza."

"Mama, kazi kwan—"

"Kwangu mtu hafanyi kazi na njaa. Washa hicho chombo chako, weka hapa."

Laptopu ikawashwa. Mama akakata injera, ule mkate mpana laini, akaviringisha kuku na yai, tonge la ukubwa wa ngumi, akalielekeza mdomoni kwa mgeni. Nani aliyelelewa Addis akakataa gursha, tonge la heshima, ya mama mtu mzima? Dagmawi akafumba macho kwa adabu, akapokea. Alipofumbua, mkono wa kushoto wa mama ulikuwa umeshachomeka flashi kwenye laptopu na kufungua, kwa programu ileile ya harusi, kazi iliyomo kwenye folda ya njiwa na mioyo.

"Mmmh! Mmmh!" alisema mshauri.

"Tafuna, mwanangu, utapaliwa."

Kioo kikawa cheusi. Likatokea kufuli alilolichora mwenyewe, na ufunguo wa pekee umefungiwa ndani. Ulaji wake wote ukafia hapo. Machozi yakamtoka, na si ya pilipili.

"Mama, umeniua! Umejuaje?"

"Ato Mesfin wa studio ya jirani, aliyepata zawadi kama yangu, alikuja kunililia. Zawadi yako nikaifungulia kwenye kompyuta mbovu ya stoo. Video ya harusi iko salama, usijitaabishe."

Dagmawi akainuka. "Basi mimi niage."

"Kabla ya kahawa? Unataka majirani wanisemeje?"

Majirani wenyewe walikuwa wameshaalikwa, kama ilivyo ada. Akaingia Ato Mesfin, wakafuata ndugu wawili wa studio ya ghorofani, na nyuma yao mpiga picha wa kanisani. Wote aliwahi kuwatibia kompyuta, na wote walimshukuru sana siku ile. Wakanawa taratibu, wakamzunguka kwenye viti vifupi. Ato Mesfin akaviringisha tonge kubwa kuliko lile la mwanzo, maana kumlisha mgeni gursha moja tu ni kukosa adabu.

"Fungua mdomo, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Ukishameza, tutaongea."