Mdudu wa Mistari Kumi na Minne

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika nikiwa nimevaa koti jeupe (hakuna aliyeniomba nilivae).

Tangu nirudi kijijini kwetu Daudi kuishi peke yangu katika nyumba ya marehemu wazazi, anayefika mlangoni kwangu mara nyingi ni mbuzi wa jirani. Watoto hupiga simu Jumapili. Siku nyingine naongea na hadubini niliyoinunua ikiwa chakavu. Ndani ya lenzi yake ya juu, ya kuwekea jicho, kuna kioo chembamba chenye mistari mia moja: maikromita, rula ya kupimia vitu vidogo kuliko punje ya unga. Vumbi lote la nyumba hii nimeshalipima.

Jana kanisani nikasikia vitunguu saumu vya watu vinageuka njano. Nikasimama: leteni majani, nitapima bure.

Asubuhi hii wakaja sita! Vikombe vya chai havikutosha. Nikafurahi kama mwenye harusi.

Jani la kwanza lilikuwa la Elisante, jirani yangu. Nikainamia lenzi. Mdudu! Mwembamba, miguu ameikunja, amelala juu ya mistari yangu.

"Mistari kumi na minne," nikatangaza kwa sauti ya mhadhara.

"Huyo ni mkubwa?" akauliza Elisante.

"Anatosha." (Sikujua.)

Jani la pili: yupo. Kumi na minne. La tatu, hivyo hivyo. Mwenye akili angeshtuka kuona wadudu watatu wa urefu mmoja, wote wamelalia ubavu mmoja. Mimi nilikuwa na watu uani. Nikapima polepole, wasiondoke mapema.

"Sasa tufanye nini, Profesa?" akauliza Elisante. (Sijawahi kuwa profesa. Sikumsahihisha.)

"Ng'oeni, kabla hajasambaa."

Akampigia mkewe palepale. "Anza kung'oa! Ndiyo, vyote! Profesa amepima!"

Ndipo Bi Paskalina, mkubwa wetu sote, akasogea. "Hebu nami nimwone." Akachungulia. Akanigeukia.

"Mwanangu, jani langu si bado ninalo mkononi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na hapo chini hujaweka kitu?"

"Sijaweka."

"Mbona mdudu yupo?"

Nikaizungusha lenzi ya juu. Mdudu akazunguka nayo. Alifia humo ndani, juu ya maikromita yenyewe, sijui lini. Majani yote matatu yalikuwa safi. Nilikuwa nampima mpangaji wangu!

"Elisante, piga simu! Asing'oe!"

Simu ikaita, ikaita. Tukasikia mkewe akihema: "Nimemaliza matuta mawili. Niendelee?"

"Acha!" akasema Elisante, akanigeuzia macho. Heri angenitukana.

"Kumbe mnaishi wawili humu," akasema Bi Paskalina, "na wewe unalalamika uko peke yako!"

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nami nikacheka, kwa kuchelewa kidogo. Kisha wakaondoka wote kwa mkupuo, kwenda kuokoa matuta ya Elisante. Nilitaka kuwafuata, wakanizuia: "Wewe pumzika, Profesa. Umeshafanya kazi."

Hivi sasa nimekaa uani. Kicheko bado nakisikia kule shambani, na nikisema kweli, ni kicheko kizuri.

Kwa hiyo siwaombi msinicheke. Nawaomba msinichekee mbali. Njooni hapa.