Mtu wa Sentimita Tisa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Barua ya Mama Mkuu wa chuo imefika. Muhula ujao kozi zinapunguzwa, na yangu ya usanifu wa jukwaa imo kwenye orodha. Tamthilia ya Jumamosi isipoifurahisha kamati ya chuo, mimi nahamishiwa dirisha la usajili nikagonge mihuri. Karakana yangu atapewa Bwana Taa, mwalimu wa mambo ya taa. Leo asubuhi nimemkuta ameshaanza kupima mapazia. Hana haya yule!

Mimi wala sibabaiki. Nina mbinu. Wanafunzi wangu, watu wazima na akili zao, hawawezi kukata kipande cha kadibodi bila kung'ang'ania rula. Nimekusanya rula zote na futi za kupimia, nikafungia kabatini. Nimewaambia msanii hupima kwa mtu. Ndani ya modeli ya jumba la mfalme, litakalojengwa jukwaani kwa tamthilia hiyo, nimesimamisha kijitu cha sentimita tisa. Mlango, ngazi, kiti cha enzi, vyote vikadiriwe kwa kijitu hicho. Mbinu nimeipa jina: Mtu Ndiye Kipimo. Kamati ikisikia itasimama na kupiga makofi.

Seremala, mwanafunzi wangu mwenye miaka thelathini ya useremala na anayetafuta cheti tu, akauliza kijitu kile ni nani, kwa sababu watu hawalingani. Nikamjibu ni mimi. Darasa zima likainamisha vichwa. Heshima, bila shaka.

Kimo changu ni mita moja na themanini. Mke wangu anasema sitini na mbili. Alinipima siku nimechoka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nilikuwa nimeegemea fremu ya mlango wa karakana nikieleza rangi za huzuni. Kitu kikanigusa utosini. Nageuka, ni Seremala, penseli mkononi, na alama mbichi kwenye fremu. Akasema kulikuwa na mdudu. Mzee mwema sana. Baadaye nikaona futi yake mwenyewe ikichungulia mfukoni. Nikajifanya sijaona. Kila mtu na mazoea yake.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Msumeno tangu asubuhi. Raha tupu! Seremala alinivuta pembeni, akauliza kama kijitu ni mimi kweli kweli, bila kutiwa chumvi. Nikamwambia hadi sentimita ya mwisho. Akashusha pumzi, akarudi kwenye mbao zake.

Bwana Taa alikuja kubisha hodi, eti afunge taa mapema. Nikamwambia rangi ya sakafu ya jukwaa haijakauka. Waigizaji nao walitaka kuzoea jukwaa. Rangi haijakauka. Ukweli ni kwamba ilikauka jana, lakini nataka jumba langu lionekane kwa mara ya kwanza na Mama Mkuu akiwa kwenye kiti cha mbele. Waigizaji wanafanyia mazoezi kantini, katikati ya meza. Mwongozaji wa tamthilia amenuna. Na anune.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Jumba limesimama. Nimeingia kwenye mlango wa mfalme peke yangu, nikatoka, nikaingia tena. Kimya na fahari! Mlango umenikaa kama nguo niliyopimwa.

Mke wangu alipita kuniletea chakula. Akautazama mlango, akanitazama mimi, akasema ni mzuri sana ila hao wengine watapitaje. Nikamwambia haya ni mambo ya sanaa. Alicheka mpaka ikabidi aketi kwenye kiti cha enzi, na magoti yakamfika kifuani. Mke wangu hajui kukaa kwenye viti vya kifalme.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Ukumbi ulijaa. Tarumbeta ikalia. Mfalme, ambaye mchana huendesha lori na ni pande la mtu, akaingia kwa mwendo wa hasira. Paa! Taji likagonga fremu, likadondoka, likabingirika hadi miguuni pa Mama Mkuu. Mfalme akarudi nyuma, akaingia tena ameinama. Malkia akainama. Askari wakainama, mikuki ikanasa, wakabaki wanasukumana huko nyuma wakiombana radhi. Bwana Taa alikuwa ameilenga taa yake usawa wa uso wa mfalme. Mfalme alipogeuka na kuinama ili atoke, ikamulika makalio. Tamthilia ni ya majonzi, jamani! Mfalme anakufa! Watu walifuta machozi, lakini siyo yale niliyoyapanga.

Baadaye kamati ikatuita. Bwana Taa akaanza kulia kwamba angeruhusiwa kuingia Jumatano, haya yote yasingetokea. Kabla sijafungua mdomo, Seremala akasimama, akasema kosa ni lake, hesabu alipiga yeye. Kijitu ni sentimita tisa, na kijitu ni Mwalimu, na Mwalimu ni mita moja na sitini na mbili. Kwa hiyo kila sentimita ya modeli aliifanya kumi na nane, wakati pengine Mwalimu alikusudia ishirini. Ndiyo maana mlango wa mita mbili ukawa mita moja na themanini.

Mama Mkuu akamuuliza ile sitini na mbili aliitoa wapi. Akajibu, kwa unyonge kabisa, kwamba alinipima kwenye fremu ya karakana, na alama ile akaipima mara mbili.

Wote wakanitazama. Nikajinyoosha. Haikusaidia. Niliona aibu, nayo naiandika hapa tu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Barua ya pili. Kozi imeokoka! Kamati imesema haijawahi kuona kazi imara namna ile, wala wanafunzi wanaojua hesabu kiasi kile. Nililia kwa furaha nikiwa nimesimama kwenye korido. Kisha nikageuza ukurasa. Kuanzia muhula ujao itafundishwa na Seremala. Bwana Taa hakupata karakana, hilo limenipoza kidogo. Mimi naanza dirisha la usajili kesho.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Siku ya kwanza dirishani. Karaha! Waombaji wanapitisha fomu, wanachungulia, wanauliza kama kuna mtu. Mama mmoja alisubiri dakika kumi, nami nikiwa nimesimama mbele yake namjibu. Chuo kizima kimejengwa na watu wasiojua vipimo.

Nimemwandikia Mama Mkuu bila kupoteza muda. Nimedai dirisha lishushwe mara moja, kwa sababu mtu wa kimo cha kawaida, mita moja na themanini, haonekani pale.