Maombi ya Kupewa Haki Sawa na Bunduki ya Mwaka 1943

Wheaton, Maryland
6 Juni 1998

Mheshimiwa Msimamizi wa Ndoa Yetu, Baba Laurean,

...na ndiyo maana Jumapili nilikata simu kabla sijamaliza. Kipchumba alikuwa ameingia, na mtu hawezi kumshtaki mumewe vizuri huku anabusiwa shingoni.

Sasa naendelea kwa maandishi. Siku ya arusi, mbele ya kanisa zima, uliahidi kusikiliza neno letu lolote kabla halijafika kwa wazazi, na kutusaidia kubeba mizigo ya ndoa. Baba, neno limetokea. Mume wangu mpenzi, ambaye nikimwona anashuka basi moyo bado unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili, anakusanya bunduki kuukuu za kijeshi, zile za kukoki kwa mkono risasi moja moja. Anazo nne, za nchi tatu. Zimejaa chumba kidogo, na mama yangu anafika kutoka Eldoret tarehe 27. Naomba umwamuru aziondoe, kwa sababu hizi:

1. Bunduki hizi huja zimepakwa grisi nzito iliyokaa tangu vita viishe. Ili iyeyuke, alilichemsha komeo, kile chuma cha kukokia, la bunduki ya Kirusi ya mwaka 1943, ambayo humu nyumbani huitwa Mrusi, katika sufuria tuliyozawadiwa na akina mama wa kanisa. Jumamosi nikapika pilau humo bila kujua. Mchungaji aliisifu, akauliza nimetia kiungo gani.

2. Risasi za zamani huacha chumvi inayokula chuma, kwa hiyo mtutu lazima umwagiwe maji ya moto siku hiyohiyo. Akirudi kutoka uwanja wa shabaha, birika langu linakwenda kwa Mrusi kwanza. Mimi nachemshiwa la pili.

3. Wageni wakija, Mrusi anatambulishwa kwa mwaka, kwa kiwanda, na kwa jinsi nambari ya komeo na ya mtutu zinavyolingana, jambo ambalo eti ni adimu. Mimi natajwa tu, "Huyu ni Chelagat." Nadai haki sawa. Nitangazwe kwamba ni wa mwaka 1974, nimetoka Kapsabet, na sijabadilishwa kipuri hata kimoja.

4. Kila wiki Mrusi hupakwa mafuta kwa kitambaa laini, taratibu, huku akiimbiwa. Nami nadai nipakwe. (Hili usimsomee Mama Laurean kwa sauti.)

5. Nilipomshtaki kwake mwenyewe, alinitazama kwa macho yale yale yaliyonifikisha madhabahuni, akasema, "Chela, huyu ana miaka hamsini na mitano na bado anapiga shabaha. Nataka tuzeeke hivyo." Nikalia. Lakini kulia si kukubali, Baba. Malalamiko yako palepale.

Akikataa kuziuza, basi zihamie kwako hapo Alexandria, ng'ambo ya mto. Mama yangu hawezi kulala na majeshi ya nchi tatu.

Msalimie Mama Laurean, watoto wanaojibu Kiingereza ukiwasemesha Kiswahili, na yule jirani yenu wa Kinshasa aliyecheza arusini kwetu hadi kisigino cha kiatu kikakatika.

Ni mimi, mwenye furaha nyingi na mashtaka matano,
Chelagat

N.B. Barua hii imekaa mkobani wiki mbili kwa kukosa stempu. Jana Kipchumba alinipeleka uwanjani. Mrusi alinipiga teke la bega hadi kofia ikaruka, lakini risasi tatu kati ya tano ziliingia kwenye duara jeusi, na Kipchumba akapiga magoti juu ya maganda ya risasi akaniposa upya, watu wakishangilia! Kwa hiyo futa mashtaka yote, isipokuwa la nne. Mrusi sasa ni wangu, na Kipchumba amejinunulia mwingine badala yake, hivyo zimekuwa tano. Chumba kidogo hakiingiliki tena. Wewe una kitanda cha wageni, na mzigo wa ndoa uliahidi kuubeba: kabla ya mwezi huu kwisha tutafika kwako, tukuletee Mama.